Mwovu Asiye na Wapiga Kura: Mlinganisho wa Wagombea Urais wa Marekani na Wahusika wa Game of Thrones

Ikisiri

Makala haya yanachunguza desturi ya kuwalinganisha wagombea urais wa Marekani na wahusika waovu wa tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones, hususani katika uchaguzi wa mwaka 2016 na katika mchujo uliofuata. Kwa kuongozwa na mtazamo kwamba sitiari huangaza upande mmoja wa jambo na kuufunika mwingine, inaelezwa kuwa udhaifu wa milinganisho iliyovuma zaidi hautokani na ukali wake bali na uteuzi wa mhusika. Joffrey na Cersei ni waovu waliofika kwenye kiti cha enzi bila kuchaguliwa na mtu. Mgombea anapopewa jina la mmoja wao, wanaomtaka hutoweka kwenye picha. Makala yanaonesha kwamba tamthilia hiyohiyo ilikuwa na mwovu aliyegombea na kushinda hadharani, na kwamba mlinganisho unaopitia kwake ungezaa swali gumu na lenye manufaa zaidi.

1.0 Utangulizi

Game of Thrones ilianza kuoneshwa na kituo cha HBO cha Marekani tarehe 17 Aprili 2011 na kukamilika tarehe 19 Mei 2019, baada ya misimu 8 yenye sehemu 73. Msingi wake ni riwaya za George R. R. Martin, ambazo ya kwanza ilichapishwa mwaka 1996. Ni kazi ya fantasia: ina majoka, wafu wanaotembea, na majira ya baridi yanayodumu kwa miaka. Hata hivyo, kiini cha mgogoro wake ni swali la kale la kisiasa: nani atakalia kiti cha enzi, na kwa haki ipi?

Swali hilo ndilo lililoifanya tamthilia iingie kwa wepesi katika mazungumzo ya siasa za nchi ilikotengenezwa. Chaguzi mbili za urais, za mwaka 2012 na 2016, zilifanyika wakati ikiendelea kuoneshwa. Katika uchaguzi wa pili, kumwita mgombea kwa jina la mhusika kulikuwa jambo la kila siku. Donald Trump aliitwa Joffrey. Hillary Clinton aliitwa Cersei. Mwaka 2017, Martin mwenyewe alitumia mlinganisho wa kwanza katika mahojiano na jarida moja, akimweleza Joffrey kuwa ndiye sasa mfalme wa Marekani.

Ni rahisi kuipuuza milinganisho hii kuwa mzaha wa watazamaji. Lakini mzaha unaorudiwa na mamilioni ya watu wakati wa uchaguzi huwa ni namna ya kufikiri, na namna ya kufikiri ina matokeo. Makala haya hayalengi kuamua iwapo mgombea fulani alistahili kuitwa mwovu. Yanalenga kuuliza jambo linalotangulia hukumu hiyo: mlinganisho wenyewe unamwezesha msemaji kuona nini, na unamzuia kuona nini?

2.0 Kifananishi na Kinachofichwa

Max Black (1962) alieleza kuwa sitiari huchuja: hukichukua kifananishi pamoja na mambo yanayofahamika kukihusu, kisha hutumia mambo hayo kuteua, kusisitiza na kuzima sifa za kifananishwa. Lakoff na Johnson (1980) waliendeleza hoja inayokaribiana na hiyo waliposema kwamba sitiari huangaza na kuficha kwa wakati mmoja. Kwa mintarafu ya mada hii, kifananishwa ni mgombea na kifananishi ni mhusika. Swali la mhakiki si iwapo wawili hao wanafanana, kwa kuwa vitu viwili vyovyote vinaweza kufananishwa kwa jambo moja au jingine. Swali ni nini kinachozimwa kinapopita kwenye chujio.

Umbo la kisarufi la mlinganisho lina uzito wake hapa. Anayesema kwamba mgombea ni kama Joffrey ametumia tashbihi, na kiunganishi kama kinamwachia msikilizaji nafasi ya kuuliza: kama Joffrey kwa lipi? Anayesema kwamba mgombea ni Joffrey ameifunga nafasi hiyo. Anayemtaja Joffrey peke yake, bila kulitaja kabisa jina la mgombea, amekwenda hatua ya tatu: kifananishi kimemeza kifananishwa, na msikilizaji hana tena vitu viwili vya kupima. Kauli ya Martin ya mwaka 2017 ilikuwa ya aina hii ya tatu. Kadiri mlinganisho unavyozoeleka ndivyo unavyoelekea kusafiri kutoka hatua ya kwanza hadi ya tatu, na ndivyo unavyokuwa mgumu kuhojiwa.

Jambo la pili linahusu maarifa. Murray Smith (1995), akichambua uhusiano wa mtazamaji na wahusika wa filamu, anatofautisha kuufikia undani wa mhusika na kuwa upande wake. Mtazamaji wa Game of Thrones hakuwa upande wa Joffrey, lakini aliufikia undani wake. Kamera ilimpeleka hadi chumbani, ambako uovu ulifanyika bila shahidi. Ilimwonesha hata siri iliyo nyuma ya nasaba ya mfalme huyo, kwamba si mwana wa Robert Baratheon ambaye kiti chake alikirithi. Mpiga kura hana kamera ya namna hiyo. Anamjua mgombea kwa hotuba, rekodi, ushuhuda na matendo ya hadharani. Anapompa mgombea jina la mhusika, huazima pamoja na jina hilo uhakika ambao ni wa mtazamaji peke yake. Ushahidi unaotakiwa kujengwa huonekana kana kwamba umekwisha kuoneshwa.

3.0 Joffrey: Mrithi Aliyevishwa Joho la Mgombea

Kwa istilahi za uhakiki wa wahusika, Joffrey ni mhusika bapa. Ukatili wake haubadiliki tangu anapoamuru Ned Stark akatwe kichwa katika msimu wa kwanza hadi anapokufa kwa sumu katika karamu ya harusi yake, katika msimu wa nne ulioonekana mwaka 2014. Ubapa huo ndio unaomfaa kwa mlinganisho. Mhusika wa namna hii hubebeka kwa urahisi, kwa kuwa jina lake limekuwa sawa na sifa moja au mbili: utoto uliopewa mamlaka na ukatili usio na hesabu.

Waliomlinganisha Trump na Joffrey waliangaza jambo walilolidhamiria: hasira ya haraka, kupenda kusifiwa, na kutovumilia kudhihakiwa. Iwe ni haki au si haki, angalau sifa hizo zinajadilika, kwa kuwa zinahusu mwenendo wa hadharani. Kilichozimwa ni kikubwa zaidi. Joffrey hakugombea. Alikalia kiti kwa sababu alidhaniwa kuwa mwana wa mfalme aliyefariki. Hakuna raia aliyeshawishiwa, hakuna ahadi iliyotolewa, na hakuna kundi lililomtaka. Kinyume chake, katika msimu wa pili umati wenye njaa wa mji mkuu unamrushia kinyesi barabarani na ghasia zinalipuka. Katika ulimwengu wa Joffrey, uovu uko juu na watu wako chini, na watu hawana hatia.

Linganisha hali hiyo na uchaguzi wa tarehe 8 Novemba 2016. Takribani Wamarekani milioni 63 walimpigia Trump kura, naye akapata kura 304 za wajumbe wa uchaguzi dhidi ya 227 za Clinton. Hata kama kila sifa mbaya aliyopewa na wapinzani wake ingekuwa kweli, bado lingebaki jambo ambalo jina la Joffrey haliwezi kulieleza: kwa nini watu hao walimtaka? Mlinganisho huu humtoa mpiga kura katika kisa. Kwa anayeutumia, hilo ni faraja, maana humwezesha kulaani matokeo bila kuwakabili majirani zake walioyaleta. Kwa aliyempigia kura mgombea huyo, ni tusi la aina mbili: ameambiwa kuwa chaguo lake ni mwovu, na ameambiwa kuwa yeye mwenyewe hakuwapo.

Aidha, kifananishi huja na mwisho wake. Kufikia mwaka 2016 kila mtazamaji alikwisha kujua jinsi Joffrey alivyokufa, na wengi walikwisha kukifurahia kifo hicho. Dawa iliyopatikana dhidi yake haikuwa hoja wala sheria. Ilikuwa sumu iliyopangwa na wakubwa wachache, akiwamo bibi wa bibi harusi. Haidaiwi hapa kwamba waliotumia mlinganisho huo walimtakia mgombea kifo. Inachodaiwa ni kwamba kisa kinapendekeza namna ya kuondokana na mwovu, na katika kisa hiki namna hiyo inapita katika njama za ikulu na kuuacha umati ukiwa mtazamaji. Siasa ya uchaguzi haina njia hiyo. Njia yake ni kumshawishi aliyepiga kura jana apige tofauti kesho, na huwezi kumshawishi mtu ambaye kisa chako kimemfuta.

Katika matumizi ya Kiswahili kuna mfano unaosaidia kuona tofauti hii. Wakati wa vita vya mwaka 1978 na 1979, Idi Amin alijulikana nchini Tanzania kwa lakabu ya nduli. Lakabu hiyo nayo ilimfanya mtu awe sawa na uovu wake. Lakini Amin alitwaa madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi ya Januari 1971. Neno nduli halikumficha mpiga kura, kwa kuwa mpiga kura hakuwa sehemu ya kupanda kwake. Lakabu ya mwovu asiyechaguliwa ilimkuta mtawala asiyechaguliwa. Kwa mgombea, vazi hilohilo halimtoshi.

4.0 Cersei: Mwanamke na Uhaba wa Vifananishi

Mlinganisho wa Hillary Clinton na Cersei Lannister unaonekana kuwa wa aina tofauti, kwa kuwa Cersei ni mhusika mviringo. Ni mama mwenye uchungu, mke aliyedhalilishwa, binti aliyenyimwa nafasi ambayo kaka yake alipewa bure. Ukatili wake una historia. Hata hivyo, mlinganisho ulipomfikia Clinton, mviringo ulibanwa ukawa bapa: alibaki mwanamke mwenye tamaa ya madaraka aliyeanza akiwa mke wa mtawala.

Wakati nao ulichangia. Tarehe 26 Juni 2016, katika sehemu ya mwisho ya msimu wa sita, Cersei aliwateketeza maadui zake wengi ndani ya hekalu, kisha, baada ya mwanawe mfalme kujiua, akavikwa taji. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 26 Julai, chama cha Democratic kilimteua rasmi Clinton kuwa mgombea wake. Mtazamaji aliyetaka kuviona vitu hivi viwili kuwa kitu kimoja alipewa picha iliyokuwa bado ya moto.

Lakini hapa pia chujio limezima jambo lilelile. Cersei alivikwa taji mbele ya ukumbi wa watu waliojaa hofu. Clinton alichaguliwa na wananchi wa jimbo la New York kuwa seneta mwaka 2000 na tena mwaka 2006, alimshinda Bernie Sanders katika mchujo, na katika uchaguzi mkuu alipata zaidi ya kura milioni 65, ingawa hakushinda urais. Mtu anaweza kuipinga sera yake yoyote bila kuukana ukweli huo. Jina la Cersei huukana, kwa sababu huigeuza safari ya kuomba kura mara kwa mara kuwa hila ya mke wa mfalme.

Uhaba wa vifananishi unastahili kutajwa pia. Mwanamume mwenye tamaa ya madaraka anaweza kufananishwa na mashujaa, wajinga, wazee wenye busara au waovu; hazina ni pana. Kwa mwanamke hazina hiyo ni finyu, na aliye karibu zaidi na mkono ni malkia mwovu. Kwa hiyo mlinganisho unaweza kuteuliwa kwa jinsia ya mgombea kabla haujateuliwa kwa matendo yake.

5.0 Euron: Mwovu Aliyegombea

Inaweza kujibiwa kwamba hoja ya makala haya inaidai tamthilia jambo isilokuwa nalo. Westeros ni nchi ya wafalme. Itawezaje kutoa kifananishi cha mgombea? Jibu ni kwamba ilikwisha kukitoa, na kwa wakati uliofaa kabisa. Katika sehemu iliyooneshwa tarehe 22 Mei 2016, watu wa Visiwa vya Chuma wanakutana barazani kumchagua mfalme baada ya kifo cha Balon Greyjoy. Yara, binti wa marehemu, anajitokeza. Anapingwa kwa kuwa ni mwanamke, na ndugu yake Theon anamtetea. Kisha anafika Euron, ndugu wa marehemu.

Yara anamshutumu Euron mbele ya baraza kwa kumuua Balon. Euron hakani. Anakiri, kisha anaugeuza ungamo kuwa hoja: Balon alikuwa akiwapeleka mahali pasipo na faida. Anamdhihaki Theon kwa ulemavu wake, na umati unacheka. Anaahidi merikebu nyingi, ndoa na malkia mwenye majoka, na ushindi juu ya dunia nzima. Umati unalitaja jina lake kwa sauti moja. Yara na Theon wanalazimika kukimbia na merikebu bora walizoweza kuzipata.

Siku nne baada ya sehemu hiyo kuoneshwa, hesabu za wanahabari zilimpa Trump wajumbe wa kutosha kupata uteuzi wa chama cha Republican. Miezi minne kabla yake, tarehe 23 Januari 2016 huko Iowa, alikuwa amewaambia wafuasi wake kwamba angeweza kumpiga mtu risasi katikati ya barabara kuu ya New York asipoteze wapiga kura. Tofauti lazima zitajwe: Euron alikiri mauaji halisi ndani ya kisa, na Trump alitumia chuku. Lakini mlinganisho hauhitaji kufanana kwa tendo. Kinachofanana ni muundo wa tukio la lugha: msemaji anajitangazia kosa hadharani, na hadhira inalipokea kama ushahidi wa nguvu badala ya ushahidi wa hatia.

Hapa ndipo mlinganisho unapoanza kufanya kazi ya uhakiki. Jina la Joffrey hujibu swali kabla halijaulizwa: mgombea ni mwovu. Kisa cha Euron huzaa swali: baraza lilisikia ungamo, kwa nini likashangilia? Jibu limo ndani ya kisa. Watu wa visiwa hivyo walikwisha kushindwa vitani, walijiona wamedharauliwa, na mgombea wa upande wa pili aliwaletea mpango wenye kipimo ilhali walitaka kuambiwa kuwa wao ni wakuu. Mtu anaweza kukataa kuwa hali hiyo inafanana na ya Marekani ya mwaka 2016. Lakini akikataa, itambidi aseme wapiga kura wa Marekani walitaka nini, na kwa kusema hivyo atakuwa amewarudisha kwenye picha.

Shaaban Robert aliliona jambo linalokaribiana na hili katika Kusadikika (1951). Mshtaki wa Karama anaitwa Majivuno, na jina hilo ni la sifa. Msomaji haambiwi amtafute Majivuno ni nani nje ya kitabu. Anaambiwa aitambue sifa hiyo popote inapokaa, hata ndani yake mwenyewe. Tena shauri lake husikilizwa barazani, na hoja ya mshtakiwa hupewa muda wa kupimwa. Istiara ya namna hiyo huikabidhi hadhira kazi ya kuhukumu. Lakabu ya Joffrey humkabidhi msikilizaji hukumu iliyokwisha kuandikwa.

6.0 Kifananishi Kisichotulia

Mifano miwili ya baadaye inaonesha kwamba hata waliolengwa walielewa nguvu ya vifananishi hivi. Tarehe 2 Novemba 2018 Trump alisambaza picha yake mwenyewe yenye maandishi ya mtindo wa Game of Thrones, akitangaza kuwa vikwazo dhidi ya Iran vinakuja. Maneno hayo yaliiga tahadhari maarufu ya ukoo wa Stark kuhusu majira ya baridi. HBO ilionesha kutopendezwa na matumizi hayo, na Qassem Soleimani wa Iran alijibu kwa picha ya mtindo uleule. Inafaa kuzingatiwa kwamba aliyeitwa Joffrey alijichukulia kaulimbiu ya maadui wa Joffrey, wala hakuonekana kuelemewa. Lakabu ya mwovu wa televisheni haikumchoma kama walivyotarajia waliomvisha, kwa kuwa katika televisheni mwovu ndiye anayetazamwa zaidi.

Mfano wa pili ni wa Elizabeth Warren. Mwezi Aprili 2019, akiwa anawania uteuzi wa chama cha Democratic, aliandika makala ya kuisifu tamthilia hiyo. Alimpongeza Daenerys kwa nia ya kuwakomboa wanyonge, akamtumia Cersei kuwa mfano wa mtawala anayeitegemea Benki ya Chuma badala ya kuwategemea watu. Wiki chache baadaye, tarehe 12 Mei, Daenerys aliuteketeza mji mkuu pamoja na raia wake, baada ya kengele za kusalimu amri kulia. Kifananishi cha wema kiligeuka kuwa cha uovu kisa kikiwa hakijakamilika.

Wapo waliouona mgeuko huo kuwa aibu kwa mgombea. Ukisomwa kwa makini, unathibitisha jambo jingine. Nusu ya mlinganisho wa Warren iliyomtegemea mtu ilianguka pamoja na mtu huyo. Nusu iliyotegemea mahusiano, yaani mtawala, deni na benki isiyowajibika kwa raia, ilibaki na maana ileile baada ya tarehe 12 Mei kama ilivyokuwa kabla yake. Mlinganisho wa nafsi na nafsi huishi kwa hisani ya mwandishi wa kisa. Mlinganisho wa muundo na muundo hauhitaji hisani hiyo.

7.0 Hitimisho

Katika sehemu ya mwisho ya tamthilia, mabwana wa Westeros wanapokaa kumchagua mfalme mpya, Samwell Tarly anapendekeza kwamba watu wote wapewe nafasi ya kuchagua. Mabwana wanacheka; mmoja anauliza kama mbwa nao wapewe sauti. Mtazamaji wa Marekani alitarajiwa kuona kinaya, kwa kuwa yeye anayo haki ambayo mabwana wanaicheka. Lakini kinaya hicho kina upande wa pili. Mtu anayeeleza matokeo ya uchaguzi kwa jina la mrithi mkatili amefanya, kwa njia ya upole zaidi, jambo walilolifanya mabwana hao: amesimulia kisa cha madaraka ambamo watu wa kawaida hawana sauti.

Makala haya hayapendekezi kwamba milinganisho ya kifantasia iachwe. Lugha ya siasa haijawahi kuishi bila visa, na kukataza tashbihi ni kukataza fikra. Linalopendekezwa ni kipimo. Mlinganisho wa mgombea na mhusika mwovu unapotolewa, mhakiki aulize kwanza: katika kisa hicho, nani alimpa mwovu kiti chake? Iwapo jibu ni damu, njama au moto, mlinganisho huo hautamweleza mgombea hata ukiwa na mvuto kiasi gani. Iwapo jibu ni baraza la watu waliomsikiliza, wakacheka, kisha wakalitaja jina lake kwa sauti moja, mhakiki amepata pa kuanzia, na kazi iliyobaki ni kuwaendea watu hao na kuuliza walichokisikia.